"Journey" na "Travel": Je, Yote ni Safari?

Mwanafunzi wa Isikizya ajifunzaye Kiingereza hukutana mapema na maneno mawili, journey na travel, na kamusi humwambia kwamba yote mawili ni "safari". Kamusi haisemi uongo, ila imemwachia nusu ya kazi. Akiandika a journey, mwalimu humwachia. Akiandika a travel, humkatia. Nao mtihani haungoji maelezo.

Journey ni safari moja, yenye mwanzo na mwisho, ihesabikayo. Kutoka Isikizya hadi Tabora mjini ni journey, na kurudi ni ya pili. Travel ni kule kusafiri kwenyewe, kusikohesabika; tena ndilo neno litumiwalo kama kitenzi. Wingi wake, travels, upo, lakini husemwa juu ya mizunguko mirefu ya mtu katika nchi nyingi.

Asili ya maneno hayo yapendeza kuijua. Journey latokana na neno la Kifaransa cha kale lihusulo siku: lilikuwa mwendo, au kazi, ya siku moja. Travel ni ndugu wa travail, yaani kazi ya taabu, na wataalamu wengi hulifuatia hadi neno la Kilatini la chombo cha kutesea watu, kilichoundwa kwa miti mitatu. Sisi wa njia ya misafara hatuhitaji kuelezwa sana. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 waliihesabu njia ya Bagamoyo na Tabora kwa mwendo wa siku, kambi hata kambi, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 au 70. Burton na Speke waliondoka Unguja Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba. Kambi zile ni journey. Bega lililochubuka ni travel.

Neno letu "safari" nalo limehamia Kiingereza, likapunguzwa maana: huko ni kwenda kuwinda au kutazama wanyama. Basi ukimwandikia mgeni kwamba uko on safari, kumbe umekwenda msibani Nzega, atadhani unapiga picha za simba. Mwandikie on a journey.

Na wako wanaotafsiri "Safari hii tutashinda" kwa this journey. Hapo hapana mwendo wala mzigo. "Safari" ni mara, na Mwingereza husema this time.