Tarakilishi Isikuvunje Mkono

Mwaka jana nilichapa makala za jarida hili jioni tatu mfululizo. Siku ya nne kifundo cha mkono wa kulia kikawaka moto, hata kalamu ikanishinda. Kumbe tatizo lilikuwa mkao wangu!

Ndani ya kifundo mna njia nyembamba inayopitisha mshipa wa fahamu pamoja na kano za vidole. Ukikipinda kifundo kwa muda mrefu, mshipa huo hubanwa na vidole hufa ganzi. Basi tufanyeje?

Kwanza, keti wima, nyayo zikanyage sakafu. Kiwiko kikunjike kama herufi L, kifundo kinyooke.

Pili, weka kipanya karibu na kibodi, usikifuate mbali.

Tatu, kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20 ili macho yapumzike.

Nanyi mnaotumia mkono wa kushoto, msiteseke. Hamisheni kipanya kushoto, kisha mbadilishe vitufe vyake katika mipangilio.

Kibodi nayo haikushuka kutoka mbinguni! Mpangilio wa QWERTY ulitokana na taipureta za Marekani za miaka ya 1870. Mwaka 1936 August Dvorak na shemeji yake, William Dealey, walisajili mpangilio mwingine ili kupunguza safari ya vidole. Siku hizi zipo hata kibodi zilizogawanywa mara mbili, kila mkono na kipande chake.

Chombo kimfuate mtu, si mtu akifuate chombo. Maumivu yakizidi, mwone daktari mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.