Umelipa, Lakini Mfumo Unasema Hujalipa? Jifunze Kutunza Taarifa za Malipo

Umewahi kulipa, salio likakatwa, SMS ya M-Pesa ikaingia, halafu mwenye huduma akakwambia, "Kwangu bado haijasoma"? Mara nyingi hapo hakuna anayedanganya. Pesa zimefika, taarifa ya kwamba zimefika ndiyo imepotea njiani. Leo tunaeleza taarifa hiyo husafiri vipi, na wewe developa unayejitegemea unaweza kuitunza vipi.

Taarifa inavyosafiri

Tuchukue mfano wa wi-fi ya mtaa hapa Mtopanga. Mteja analipa shilingi 20 kwa Paybill apate intaneti ya siku moja. Pesa zikishaingia, mfumo wa malipo unatuma ujumbe kwa seva ya mwenye wi-fi. Ndani yake kuna namba ya risiti, kiasi, saa na akaunti aliyoandika mteja. Madevelopa huuita webuhuku. Tangu Safaricom ilipozindua Daraja mwaka wa 2017, hata developa wa mtaani anaweza kuunganisha programu yake na M-Pesa na kupokea jumbe hizi.

Sasa tuseme ujumbe umefika, lakini programu imekwama kabla ya kufungua intaneti. Kama haukuandikwa popote, mteja amebaki na SMS yake na mwenye wi-fi hana la kuangalia. Ubishi unaanzia hapo.

Hatua tano za kufuata

1. Andika kwanza, kazi baadaye. Ujumbe ukifika tu, uhifadhi ulivyo pamoja na saa uliyoupokea, kisha jibu kwamba umepokea. Kufungua intaneti kuje baada ya hapo. Kila ujumbe uwe na hali yake: mpya, umekamilika au umekwama. Hata malipo yaliyofeli yaandike. Kwenye STK, lile dirisha la PIN linalojitokeza kwenye simu, kodi 0 ni malipo yamefaulu na 1032 ni mteja ameghairi. Mteja akiuliza, utakuwa na jibu.

2. Namba ya risiti iwe kufuli. Ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili au tatu. Iambie hifadhidata yako isikubali risiti ile ile mara ya pili, ili shilingi 20 zitoe siku moja tu ya intaneti.

3. Rudia yaliyokwama. Chukua jumbe zenye hali ya "umekwama" uzipitishe tena kwenye njia ile ile ya kawaida. Kurudia hapa ni kusoma upya taarifa uliyo nayo. Mteja asiombwe PIN tena, na kama alishatumiwa SMS ya kumshukuru, asitumiwe nyingine.

4. Linganisha kila jioni. Stima zikipotea na seva iko dukani, ujumbe hautakuwa na pa kuingilia. Kuna kampuni zinazojaribu tena, kwa mfano Stripe huendelea hadi siku 3, lakini usijenge biashara juu ya tumaini hilo. Toa orodha ya malipo ya Paybill, ilinganishe na daftari lako, na risiti iliyokosekana uihakiki kisha uiingize.

5. Linda daftari. Mtu akijua anwani ya seva yako anaweza kutuma ujumbe feki wa malipo, kwa hivyo hakikisha umetoka kwa mfumo wa malipo wenyewe na kiasi ni sawa. Namba na majina ya wateja yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Usiyaache wazi, na yafute yasipohitajika tena.

Na wewe mteja?

Usikimbilie kulipa mara ya pili. Tunza SMS, kisha mpe mwenye huduma namba ya risiti, ile yenye herufi na tarakimu 10. Akiwa na daftari, atakupata kwa dakika moja. PIN yako haihitajiki kabisa. Anayeiomba ana lake jambo.

Jaribu leo

Developa, simamisha sehemu inayofungua intaneti, acha inayopokea jumbe iendelee. Lipa shilingi 10. Washa tena, rudia ujumbe huo mara mbili, kisha hesabu. Malipo yakisoma moja, uko sawa. Yakisoma mawili, rudi hatua ya 2. Yasiposoma kabisa, anza na hatua ya 1, kabla mteja wa shilingi 20 hajahamia wi-fi ya jirani.