Tarakimu Moja ya Ziada

Hebu fikiria: uko kliniki, karani anaingiza namba ya kadi yako mbio mbio, 417 inakuwa 471. Linafunguka faili la mtu mwingine. Faili lako linasema dawa fulani inakudhuru. La mwenzako halisemi. Unaandikiwa hiyo hiyo!

Ndiyo maana OpenMRS, programu ya mafaili ya wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, inaweza kuongeza tarakimu ya kukagua. Kanuni ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1960. Kompyuta ya nini? Chukua kalamu.

Anzia kulia. 7 mara mbili ni 14; zijumlishe, 1+4=5. Inayofuata, 1, iache ilivyo. Halafu 4 mara mbili, 8. Jumla 14. Ili ifike 20 inatakiwa 6, basi kadi yako ni 4176. Karani akibonyeza 4716, jumla pamoja na 6 ni 23. Haiishii na 0, kompyuta inagoma.

Lakini 09 ikigeuzwa 90 inapita kimya kimya, kwa hiyo ukiulizwa jina tena usinune.

Sasa jaribu 538. (Jibu: 9.)