Nisba, Mafungu na Uwezekano: Jawabu kwa Mwalimu wa Embu

Ametuandikia kijana wetu mmoja, mwenyeji wa pwani, anayesomesha hesabu katika shule ya sekondari msingi upande wa Embu, akituletea masuala mawili. La kwanza ni kuwa wanafunzi wake wameshindwa na mlango wa nisba, ule ambao vitabu vya shule huuita uwiano. Kila wanapotakiwa kuzidisha, wao hujumlisha. La pili ni zito zaidi. Baba wa mwanafunzi mmoja, Muislamu katika wale waliohamia huko kwa biashara, amemwendea na kumtaka mwanawe atolewe darasani siku za somo la uwezekano, kwa hoja kwamba somo hilo lina sarafu za kurushwa na dado, na dado ni kamari, na kamari ni haramu. Mwalimu ataka kujua amjibu nini.

Tumeona jawabu hili tulichapishe, kwani mtaala ni mmoja, Embu na Meru na Mombasa na Lamu. Tangu gredi ya saba ya kwanza ilipoanza, Januari 2023, somo la uwezekano, ambalo katika mtaala uliotangulia lilingojewa hadi kidato cha tatu, limeshushwa kwa watoto wa sekondari msingi. Mzazi aliyeko Mji wa Kale atafikiwa na suala lilo hilo, kama hajafikiwa.

Na tuanze na la nisba. Mwalimu asema aliwapa hesabu hii: mpishi hutia vipimo 2 vya mahindi kwa vipimo 3 vya maharagwe; je, akitia 4 vya mahindi, maharagwe yawe mangapi? Wengi wakajibu 5. Wameona 2 imekuwa 4, wakasema imeongezwa 2, basi na ile 3 iongezwe 2. Kosa hili si la ujinga. Ni la mtoto aliyesomeshwa kujumlisha miaka sita, akadhani kila jambo la hesabu ni kujumlisha. Wala haliondoki kwa ukali, wala kwa kukaririshwa kanuni; huondoka mtoto atakapoiona sufuria.

Meru na Embu githeri ni chakula cha kila siku, nacho ndicho tunachokiita pure huku kwetu. Mwalimu na alete mkebe wa kupimia nafaka wauitao gorogoro, awape watoto wapime chungu kimoja cha 2 kwa 3, kisha chungu cha pili mfano wake, halafu vyote viwili vimiminwe katika sufuria moja kubwa. Mahindi ni 4, maharagwe ni 6, na chakula ni kile kile. Kisha awaulize: na ile ya 4 kwa 5, je, ladha yake ni moja na hii? Watasema mahindi yamezidi. Akishasema hivyo mtoto kwa ulimi wake mwenyewe, amekwisha kuifahamu nisba kabla hajafundishwa jina lake.

Baada ya sufuria ije kahawa. Meru na Embu ni katika sehemu za mwanzo ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kuipanda, katika miaka ya 1930, baada ya kuwazuilia muda mrefu ili zao hilo liwe la masetla. Leo mtoto wa Runyenjes au wa Imenti humwona mamake akipeleka matunda mekundu kiwandani, na karatasi ya malipo ikirudi nyumbani huwekwa chini ya godoro, haisomwi. Takriban kilo 7 za matunda hutoa kilo 1 ya kahawa iliyokobolewa. Basi kilo 350 zatoa 50. Mtoto aulizwe: ikiwa bei iliyotangazwa ni ya kahawa iliyokobolewa, na malipo yahesabiwa kwa kilo ya matunda, kila kilo ya mamako ilistahili kiasi gani kabla ya makato? Mtoto wa miaka kumi na mitatu awezaye kulijibu hili ni mtu wa faida katika nyumba yake.

Ziko pia nisba za kugeuka. Wachumaji 6 humaliza shamba kwa siku 4. Wakiwa 8 watamaliza kwa siku 3. Mwanafunzi aliyekariri kanuni bila ya kufikiri atapata siku 5 na thuluthi, yaani watu wamezidi na kazi imerefuka, naye ataiandika bila ya kustaajabu. Mwalimu amfundishe kustaajabu.

Lakini mahali pa hatari khasa katika mlango huu ni pengine, napo ni pale mtoto anapochanganya fungu kwa fungu na fungu kwa jumla. Mfano wake wa wazi tunao majumbani mwetu. Amekufa mtu, ameacha mtoto mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, na nisba yao ni 2 kwa 1. Waulize watu barazani, si watoto peke yao, binti apata sehemu gani ya mali? Wengi watakwambia nusu. Nusu ni nusu ya alichopata nduguye. Katika jumla ya mali ana thuluthi. Tumesikia madai mengi yaliyotoka katika kosa hili, na ndugu walionuniana miaka kwa sababu yake.

Tuzidishe kidogo. Kama ameacha na mke pamoja na watoto hao wawili, mke ana thumuni, na baki hugawanywa 2 kwa 1. Mali hufanywa mafungu 24: mke 3, mwanamume 14, binti 7. Ikiwa mali ni shilingi 720,000, kila fungu ni 30,000. Mke ana 90,000, mwana 420,000, binti 210,000. Jumlisha, utaiona mali yote imerudi. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu ambacho kutokana nacho dunia nzima imepata jina la aljebra, alikitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Basi ajabu ni kumwona mtoto wa madrasa akihifadhi mafungu ya mirathi asubuhi, na jioni akilia shuleni kuwa nisba hazimwingii, wala hakuna aliyemwambia kuwa ni elimu moja.

Na iko mas-ala katika ilimu ya mirathi ambayo twamsihi mwalimu aisomeshe taratibu, kwani tutaihitaji mbele. Amekufa mwanamke, ameacha mume, mama na mabinti wawili. Mume ana robo, mama ana sudusi, mabinti wana thuluthi mbili. Fanya mafungu 12: mume 3, mama 2, mabinti 8. Jumla yake ni 13! Mafungu yamezidi mali. Wanavyuoni hawakumnyang'anya mmoja ili wengine watimiziwe. Waliigawanya mali kwa 13 badala ya 12, kila mtu akabaki na nisba yake kwa mwenziwe, na upungufu ukawaenea wote kwa kadiri ya mafungu yao. Hiyo ndiyo iitwayo aul. Mwenye kuifahamu aul ameifahamu nisba yote, kwa sababu ameona namba zimebadilika zote na uhusiano wao haukubadilika.

Sasa tuje kwa yule baba. Wasiwasi wake ni wa mtu mwenye dini, na hatupendi mwalimu aucheke. Ni kweli kuwa hesabu hii huko Ulaya ilianzia mezani pa kamari. Mnamo 1654 Pascal na Fermat, Wafaransa wawili, waliandikiana barua juu ya wachezaji waliolazimika kuacha mchezo kabla haujesha: mali iliyowekwa igawanywe vipi? Walakin angalia suala lenyewe. Suala ni la kugawanya kwa haki, na jawabu lake ni nisba.

Mwalimu na alisomeshe hivi. Ameweka kalamu 8 zake mwenyewe, wala watoto hawakutoa kitu. Wawili washindana kwa kurusha sarafu. Wa kwanza kushinda mara tatu ndiye mwenye kalamu. Mmoja ameshinda mara 2, mwenziwe mara 1, na kengele imelia. Wagawane vipi? Watoto wengi watasema 2 kwa 1, kwa kutazama yaliyopita. Lakini haki yao imo katika yaliyobaki. Mchezo ungekwisha kwa marusho mawili tu, na marusho mawili yana njia nne zilizo sawa. Katika njia tatu wa kwanza angeshinda, na katika moja tu angeshinda wa pili. Basi ni 3 kwa 1: kalamu 6 kwa huyu na 2 kwa yule.

Hili ni kamari? Kamari ni mtu kuweka mali yake ili achukue ya mwenziwe au apoteze yake. Kuhesabu njia nne si kuweka mali. Tabibu asomaye sumu hakuinywa. Tungependa tu mwalimu aliache dado, kwa kuwa makatazo juu yake ni mashuhuri na somo halilihitaji. Maharagwe mekundu na meupe katika mfuko yatosha, na vizibo vya chupa ni bora zaidi. Sarafu ina pande mbili zilizo sawa, kwa hiyo twajua nusu yake kabla ya kuirusha. Kizibo hakiko sawa; upande mmoja una kina. Uwezekano wake haujulikani kwa kufikiri, wajulikana kwa kukirusha mara 100 na kuandika. Watoto na wakirushe, na makundi yalinganishe hesabu zao. Wataona ziko karibu wala hazifanani, na hapo somo lote limekwisha kusemwa.

Wengine watasema kuwa kukadiria yatakayokuja ni kuingilia ghaibu. Haikuwa hivyo kwa wazee wetu. Nahodha hakudai kujua lini upepo utavuma. Alijua kuwa kusi ikichacha mwezi wa Juni na Julai safari nyingi huharibika, akakiweka chombo pwani. Neno lake lilikuwa aghlabu. Mkulima wa Mbeere, upande mkavu wa Embu, ana mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, naye hutumainia zaidi za vuli, kwa kuwa miaka aliyoishi imemfundisha. Lugha yetu yenyewe imekwisha kuvipanga vipimo hivi: muhali, nadra, huenda, aghlabu, yakini. Mwalimu achore mstari ubaoni, muhali aiandike 0, yakini aiandike 1, na awape watoto wayapange baina yake mambo ya mji wao.

Na sasa tufike pale ambapo yule baba, kwa kumtoa mwanawe darasani, atamdhuru. Sheria ya Kenya yawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini simu haiulizi umri wa aliyeishika, na vijana wa Meru na Embu, kama wa Likoni na Malindi, hubeti mechi za mpira kwa simu za wazazi wao. Wakatazwe, nasi twawakataza. Bali katazo bila ya hesabu limesikiwa na wengi, na fedha zimekwenda.

Chukua mechi moja ya kampuni ya kamari. Imeandikwa kuwa wenyeji wakishinda, shilingi yako italipwa 2; wakitoka sare, 3; wageni wakishinda, 4. Mwambie kijana: weka fedha ili kwa hali yoyote upate shilingi 12. Juu ya wenyeji itakubidi uweke 6, juu ya sare 4, juu ya wageni 3. Jumla ni 13. Umetoa 13 kuzipata 12, na hukumpungukia hata tukio moja! Hii ni ile ile 13 juu ya 12 tuliyoiona katika aul. Nusu na thuluthi na robo zimezidi uzima. Tofauti yake ni kuwa kule upungufu uligawanywa baina ya wenye haki wote, na huku ziada yaingia mfuko mmoja kila siku, ashinde nani.

Kisha kijana hukusanya mechi kumi katika karatasi moja, ule waitao mkeka, kwa kuwa malipo yake ni makubwa. Ikiwa nisba ni hiyo hiyo katika kila mechi, zidisha 12 kwa 13 mara kumi kwa nafsi yake: katika kila shilingi 100 zinazowekwa na watu juu ya mikeka kama hiyo, zinazorudi kwa wastani ni takriban 45. Na hata mechi kumi zikiwa kila moja kama sarafu, njia ya kuzipata zote ni moja katika 1,024. Hesabu hii ni ya gredi ya tisa. Twamwomba mwalimu amwite yule baba aifanye pamoja na mwanawe, kwa kalamu na karatasi.

Tunawaachia wanafunzi wa madrasa na wa shule masuala mawili, na majibu tutayatoa toleo lijalo, inshallah.

Mfukoni mna maharagwe 12, mekundu 5 na meupe 7. Umetoa moja jekundu, hukulirudisha. La pili kuwa jekundu ni uwezekano gani?

Amekufa mtu, ameacha mke, baba, mama na mabinti wawili. Mafungu ni 24, na mke amepewa thumuni yake. Jumlisha mafungu yote, kisha useme: ile thumuni imekuwa sehemu gani?