Kwa Nini Shule Huuliza Kadi ya Chanjo?

Wazazi wengi wampelekapo mtoto shule ya chekechea huulizwa kadi ya kliniki, na wengine hudhani ni usumbufu mtupu. Yafaa tufahamu sababu yake.

Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa chumbani, vijidudu vyaweza kukaa hewani hata saa 2 baada ya yeye kutoka. Katika watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, hata 9 huweza kuambukizwa. Tena mtoto huanza kuambukiza wenzake siku 4 kabla ya vipele kutokea. Basi mwalimu hawezi kumtambua kwa macho.

Katika nchi ya Kenya, chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, na ya pili miezi 18. Aliye mchanga zaidi hutegemea kinga ya wale wamzungukao. Kwa hiyo mwanafunzi asiyechanjwa aweza kumletea nduguye nyumbani maradhi yauayo.

Kanuni hii si ngeni. Mwaka 1855 jimbo la Massachusetts, Marekani, liliagiza watoto wa shule wachanjwe ndui. Na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Je, kadi imepotea, au chanjo moja ilikosekana? Usimzuie mtoto nyumbani. Mpeleke zahanati mapema, kabla ya siku ya kuandikishwa. Mwuguzi atatazama daftari lake, naye mtoto atapewa zile zilizosalia, pasipo kuanza upya.