Neno "Board" na Visawe Vyake katika Kiswahili: Mfano wa Jina la Kibaoni

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza maana za neno la Kiingereza "board" na namna zinavyowakilishwa katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba neno hili halina kisawe kimoja, na kwamba mfasiri anayeshikilia kisawe kimoja huweza kumwelekeza msomaji kwenye chombo kisichomhusu. Mfano wetu wa kuanzia ni Kibaoni, kata ya Mpimbwe ambayo zamani ilikuwa katika Wilaya ya Mpanda na ambayo sasa imo katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

2.0 Mpanuko wa maana

Maana ya msingi ya "board" ni kipande bapa cha mti. Kutokana na maana hiyo ilizuka maana ya meza. Kutokana na meza, chakula kinacholiwa juu yake. Na hatimaye watu wanaoizunguka ili kuamua mambo. Kwa hiyo, "board" ya hoteli hutafsiriwa chakula, ilhali ya kampuni hutafsiriwa bodi.

Mzizi -bao wa Kiswahili umefuata njia nyingine:

(1) a. ubao: kipande bapa cha mti, pia cha kuandikia darasani
b. bao: mchezo wa kete; pia goli
c. kibao: alama ya njiani, kofi, wimbo uliovuma

Jina Kibaoni lina viambajengo vitatu: ki-bao-ni. Kiambishi tamati -ni kimekigeuza kitu kuwa mahali, na ndiyo maana jina hilo hupatikana pia Kilifi, Kenya, na Ifakara, mkoani Morogoro. Hata hivyo, hakuna maana katika (1) iliyofikia "watu wanaoamua". Nafasi hiyo ilishikwa na neno baraza: kwanza mahali pa kuketi nje ya nyumba, kisha mkutano unaofanyika hapo, kisha chombo chenyewe. Kiingereza kilianzia mezani. Kiswahili kilianzia barazani. Taashira ni ileile, ila vitu vilivyoizaa ni tofauti.

3.0 Mkopo "bodi"

Neno bodi limetokana na maneno mawili ya Kiingereza, "board" na "body", ambayo matamshi yake yamelingana yalipoingia katika Kiswahili:

(2) a. Bodi ya Tumbaku imetoa tangazo.
b. Bodi la basi limeshika kutu.

Upatanisho wa kisarufi husaidia kuyatofautisha, lakini hautoshi, kwani wapo wasemao pia "bodi ya basi". Muktadha ndio unaoamua.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika vyombo vya umma. Mkulima wa tumbaku katika kijiji cha Katavi huhusiana na Bodi ya Tumbaku, inayosimamia zao lake. Halmashauri ya Kijiji, inayochaguliwa na wanakijiji. Na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 husuluhisha migogoro. Waraka unaoviita vyote "bodi" utamfikisha mwenye mgogoro wa shamba mlango usio wake.

Hata hivyo, mgawanyo huu wa kazi si kanuni isiyovunjika. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, halisuluhishi migogoro bali husimamia mitihani. Kazi yake ingeweza kuitwa ya bodi.

4.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa "board" huwakilishwa kwa ubao, kibao, chakula, bodi na hata baraza, kutegemea maana inayokusudiwa. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, chombo chenye jina rasmi kiitwe kwa jina lililomo katika sheria iliyokiunda. Pili, pale ambapo jina rasmi halipo, mfasiri aulize chombo hicho kinafanya kazi gani kabla ya kufungua kamusi. Kamusi humpa orodha ya visawe. Uteuzi hubaki kuwa wajibu wake.