Dawa ya Chuma Inayotiwa Mshipani: Sema Upesi, Usinyamaze

Huenda munganga amekuambia kwamba damu yako imepunguka, na kwamba utatiwa dawa ya chuma kwa serumu. Wauguzi wengi huiita kwa Kifaransa, fer. Sisi wa Lubumbashi twajua shaba na chuma kama mali ya udongo. Lakini chuma kidogo kimo pia katika damu ya kila mtu, nacho husaidia damu kubeba hewa kutoka mapafuni hadi viungo vyote. Kikipunguka, mtu huchoka, kichwa humzunguka, na moyo humwenda mbio hata akibeba ndoo ya maji tu.

Shika neno moja katika somo hili: dawa hii ni njema, lakini inapoingia mwilini usivumilie kimya.

1. Nani apewa dawa hii?

Kwa watu wengi vidonge vya chuma vyatosha, pamoja na chakula kama nyama, ndakala na maharagwe. Lakini tumbo la mwingine hukataa vidonge. Mwingine damu yake imepunguka sana, na siku za kuzaa zi karibu. Watu kama hao hufaa kutiwa chuma mshipani.

Tena si kila upungufu wa damu ni upungufu wa chuma. Malaria hupunguza damu, na ugonjwa wa SS pia. Mtu wa SS aliyeongezewa damu mara nyingi aweza kuwa na chuma kupita kiasi, na mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Basi kubali kupimwa kwanza.

2. Mwambie muuguzi kabla ya sindano:

– kama una mimba, na ni ya miezi mingapi; maana dawa hii haitiwi katika miezi 3 ya kwanza;
– kama una homa; maana vijidudu vilivyomo katika damu hutumia chuma kujiongeza, na imefaa ugonjwa huo utibiwe kwanza;
– kama una pumu, au ugonjwa wa ini;
– kama dawa yoyote, na hasa dawa ya chuma, imewahi kukuletea vipele, uvimbe au shida ya kupumua.

3. Mambo yawezayo kutokea

Mambo madogo. Waweza kusikia ladha ya chuma kinywani, kichwa kuuma, au kichefuchefu. Hayo hupita.

Kifua kubana. Mara nyingine, katika dakika za kwanza, uso hupata joto, kifua hubana na mgongo huuma. Muuguzi hufunga serumu na kungoja. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe baada ya dakika chache, kisha munganga aweza kuruhusu dawa iendelee polepole.

Hatari kubwa. Kwa nadra sana mtu hupumua kwa shida, midomo na macho huvimba, vipele hutoka mwili mzima, au huzimia. Huyo apasa kupewa adrenalini mara moja. Kwa hiyo usikubali kutiwa dawa hii nyumbani, wala mahali pasipo na adrenalini na mtu anayejua kuitumia. Zamani waganga walitia tone dogo kwanza ili kujaribu. Lakini mwaka 2013 shirika la Ulaya linalosimamia dawa lilishauri kuacha desturi hiyo, kwa kuwa mtu aweza kupita jaribio salama, kisha akadhurika. Lilishauri badala yake kwamba kila mgonjwa aangaliwe kwa dakika 30 au zaidi baada ya dawa kwisha. Basi, hata kama gari lakungoja mlangoni, keti kwanza.

Alama ya ngozi. Dawa ikivuja nje ya mshipa, ngozi huuma na kuvimba, na alama ya rangi ya kahawia yaweza kukaa miezi mingi au hata miaka. Tuliza mkono. Ukiwaka, sema.

Siku zinazofuata. Viungo na misuli huweza kuuma, pamoja na homa ndogo, kwa siku chache. Tena aina nyingine za dawa hii hupunguza fosfati, chumvi ambayo mifupa na misuli huihitaji. Ukizidi kulegea au mifupa ikiuma kwa majuma, rudi hospitali. Homa ikiwa kali, usidhani ni dawa tu, kapimwe malaria.

4. Habari kutoka Malawi

Huko Malawi wanawake 862 wenye mimba waliopungukiwa damu walifuatwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2023. Kwanza walipimwa malaria. Wengine walipewa chuma mshipani, wengine vidonge. Hakuna aliyepatwa na madhara makubwa kwa sababu ya serumu hiyo, wala malaria haikuzidi kwao. Basi usiikimbie dawa hii kwa hofu.

5. Kwa nini useme?

Wengi wetu tulifunzwa kuvumilia. Mama hujiambia, “Nisimsumbue muuguzi, ana wagonjwa wengi.” Lakini muuguzi haoni kifua chako kinavyobana. Neno lako ndilo linalomwambia afunge serumu. Mwingine huchomoa sindano, akaenda zake, akatangaza mtaani kwamba dawa ile huua. Jirani aliyepungukiwa damu husikia na kuikataa. Naye akitokwa na damu siku ya kuzaa, hana akiba. Kunyamaza hudhuru mmoja. Kukimbia hudhuru wengi.

Maswali ya kujifunza

1. Ni mambo gani utamwambia muuguzi kabla ya sindano?
2. Utafanya nini kifua kikibana?
3. Utakaa dakika ngapi baada ya dawa kwisha, na kwa nini?

Msomee mwenzako asiyejua kusoma majibu haya, naye ayarudie kwa kinywa chake.